Niliandika Kuwa Amehama

Mtendeni, Tabora
Alhamisi alasiri

Mwanangu Mihayo,

Umekwenda kuaga majirani, na najua hutarudi kabla ya jua kuzama, maana kila nyumba itataka ukae unywe chai. Nimefunga mlango wa chumbani, nimekaa kitandani na daftari magotini. Habari za chandarua, za sweta na za kupiga simu ukifika tulishazimaliza, na zile tulizosahau utazigundua mwenyewe. Barua hii si ya hayo. Nimekasirika, Mihayo, na nataka ujue hasira hii imetoka wapi, kwa sababu sehemu yake kubwa ni hasira juu yangu mwenyewe.

Jana kwenye chakula cha kukuaga, shangazi yako Theresia aliweka sahani chini akasema mbele ya wote, "Huko Dar wakikuuliza kwa nini umechagua kusomea ubongo wa walevi, wewe sema unapenda sayansi. Habari za mjomba wako ziache hapahapa Tabora. Watu watasema ni ugonjwa wa ukoo."

Wewe ukajibu, "Sawa, shangazi."

Ulijibu kwa adabu, kama nilivyokulea. Mjomba wako Severini alikuwa ameketi viti viwili tu kutoka kwako, ameshika chupa yake ya soda. Hukumtazama. Mimi nilimtazama. Aliiweka chupa chini taratibu, akatoka kama mtu anayekwenda kuangalia kuku, na hakurudi mpaka wageni walipoondoka.

Utaniambia ni neno moja tu la heshima kwa mtu mzima. Ni kweli. Lakini neno hilo nalijua. Na mimi niliwahi kusema la kwangu, fupi hivyohivyo, nalo lilimpotezea mjomba wako jicho.

Najua ulichoambiwa. Uliambiwa alipata kibarua cha reli, akaanguka kwenye kiberenge, kile kigari cha mafundi wa njia, jiwe likamchoma jichoni. Ulikuwa bweni, kidato cha pili, nasi tukakuandalia maneno hayo kabla hujaja likizo. Hakukuwa na kiberenge, mwanangu. Leo nakuandikia ilivyokuwa.

Severini amenipita miaka sita. Nilipokuwa darasa la kwanza pale Igalula, wakati wa masika alikuwa ananibeba mgongoni kuvuka bondeni ili viatu vyangu visilowe, kisha anarudi kuchukua mfuko wangu wa daftari. Alipokua akaajiriwa kwenye genge la reli, wale wanaonyoosha njia na kushindilia kokoto. Alikuwa na kipaji. Alikuwa anaweka shavu lake juu ya chuma, anafumba jicho moja, anaangalia mbali, kisha anasema, "Pale, kwenye nguzo ya tatu, imepinda kidole kimoja." Wenzake wakienda kupima, wanakuta kidole kimoja.

Watu huniuliza alianza lini kunywa, kana kwamba ipo siku moja ya kulaumiwa. Mimi siku hiyo sina. Mkewe alimwacha, lakini alikuwa anakunywa hata kabla. Alipunguzwa kazini, lakini wengi walipunguzwa na hawakuwa hivyo. Alikuwa na huzuni ya tangu ujana ambayo nyumbani tuliiita uvivu wa kuamka. Gongo ilimpa usingizi, kisha ikamnyima, kisha ikawa bila gongo mikono inatetemeka hata kikombe hakishikiki. Mimi wakati huo nilikuwa mjane kijana, karani wa chama cha wakulima wa tumbaku, natembea mjini na kichwa juu. Kwetu tulikuwa na majivuno ya zamani. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani kwa njia ileile ambayo reli iliifuata baadaye, na sisi wajukuu tulijisifia kwamba ukoo wetu haujawahi kutua mzigo njiani. Niliyaamini hayo. Mtu wa kwetu aliyeshindwa kushika kikombe nilimwona ananitukana.

Kisha chama kikapunguza makarani, nikakaa nyumbani mwaka mzima, mpaka akaja Daktari Rehema. Unamkumbuka, yule mwembamba aliyekuletea kitabu chenye picha za ubongo. Alikuwa anafanya utafiti wa watu wanaokunywa sana na wasiokunywa kabisa, aone sehemu za ubongo zinavyowasiliana, na kwa nini wengine pombe na sonona huwashika kwa pamoja. Alitafuta wadadisi, watu wa kupita nyumba kwa nyumba na dodoso. Alinichukua kwa sababu nilijua Kinyamwezi na mwandiko wangu ulisomeka, ingawa mwishowe hatukuandika kwa kalamu, tulipewa vishikwambi.

Niliipenda kazi ile. Tulikuwa na kofia ya nyaya ambayo mtu anavalishwa, anakaa kimya amefumba macho, mashine inachora umeme wa kichwani mwake. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu hofu. Kule Choma, mfugaji mmoja alikubali kuvaa kwa sharti tumfungie ndani ng'ombe wake wasimwone. Nilikuwa nawaeleza, "Hii hainyonyi mawazo, inasikiliza tu." Nilikuwa nawaambia ndugu za walevi wasiwe na aibu, kwamba huu ni ugonjwa kama mwingine. Nilisema vizuri sana. Kuna mama alilia mikononi mwangu kwa maneno yale.

Wiki ya tano tukapangiwa Igalula. Majina yalitoka kwenye orodha ya kitongoji, mashine yenyewe ndiyo iliyochagua. Nilifungua kishikwambi asubuhi, na jina la nne lilikuwa Severini.

Tulifika karibu na nyumba ya babu yako mimi na dereva. Kaka yangu alikuwa ameketi nje, mgongo ukutani, hatua kama thelathini kutoka kwetu. Alikuwa na shati moja la mvua na jua. Aliniona. Akainua mkono akanipungia.

Dereva akauliza, "Yule anakupungia, unamjua?"

"Simjui," nikasema. "Walevi humpungia kila mtu."

Nikageuza uso, nikabonyeza kwenye kishikwambi pale palipoandikwa *Amehama*, tukaenda nyumba ya tano.

Sikuumwa moyo siku ile. Ningependa kukuambia niliumwa, lakini barua hii haina kazi kama nitadanganya. Nilihisi nimeponea chupuchupu. Wale waliopimwa wakaonekana hali zao mbaya, Daktari alikuwa anawapakia kwenye gari lake mwenyewe kuwapeleka hospitali. Wawili kutoka Igalula walipelekwa. Mmoja wao leo anauza vitunguu hapa sokoni, na kila nikimwona nasema moyoni, kiti kile kilikuwa cha kaka yangu.

Miezi minne baadaye Severini akaokotwa karibu na reli, amelala. Shangazi yako akasema dawa yake ni moja, afungiwe mpaka pombe imtoke. Usimchukie kwa hilo. Yeye alisema tu, mimi ndiye niliyefunga. Tulimweka kwenye stoo ya babu yako na maji na uji na godoro, na ufunguo nikauvaa shingoni. Siku ya kwanza alinibembeleza. Siku ya pili alitukana, kisha akaanza kuzungumza na watu ambao hawakuwamo. Nilisema moyoni kwamba pombe inamtoka. Siku ya tatu nilisikia kitu kinagonga mlango, kwa haraka, bila kupumzika. Nikasimama nje nikasema, "Gonga, Severini. Leo sifungui."

Hakuwa anagonga mlango. Kilikuwa kisigino chake. Kifafa kilimshika, akaangukia kwenye jembe lililokuwa pembeni, na mwili ulikuwa unampiga dhidi ya mbao. Nilipofungua, jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaharibika.

Hospitali, daktari wa zamu aliniuliza maswali, nikamjibu. Hakunifokea. Alisema tu kwamba mtu ambaye mwili wake umezoea pombe kila siku hakatishwi ghafla bila dawa wala uangalizi, na kwamba wengine hufa hivyo. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuelekeza njia. Nilikaa kwenye benchi la nje nikampigia simu Daktari Rehema.

"Daktari, kuna nyumba Igalula niliandika mtu amehama. Hakuhama. Ni kaka yangu."

"Ni ngapi ulizoandika hivyo, Mama Mihayo?"

"Hiyo moja tu."

"Nitajuaje kuwa ni moja?"

Kazi yangu yote ikatupwa, nyumba zote nilizozipita, hata yule mama aliyelia mikononi mwangu, hata mzee wa Choma na ng'ombe wake. Nami nikaondolewa. Alifanya sawa, na kama siku moja msaidizi wako atafanya hivyo, fanya kama yeye alivyofanya. Lakini fanya na jambo la pili alilofanya. Jumapili ile alikuja wodini, bila kofia, bila fomu, amebeba machungwa.

Alikuwa na picha kwenye simu yake, ubongo uliochorwa mistari mingi. Severini alikuwa amefungwa bandeji nusu ya uso. Akauliza, "Huo ni wa nani?"

"Wa mtu asiyekunywa."

"Na wangu?"

"Wako sijawahi kuupima. Ndugu yako aliandika umehama."

Nikainama, nikaanza kumenya chungwa. Severini akanigeukia kwa jicho lake moja. "Siku ile nilikuona una kazi," akasema, "ndiyo maana sikukuita." Kisha akamwambia Daktari, "Hajakosea sana. Nilikuwa sipo."

Daktari akamweleza polepole. Kwamba ipo sehemu ya ubongo inayotaka na ipo inayozuia, na kwa mtu aliyekunywa miaka mingi sehemu zenyewe zinaweza kuwepo, ila mawasiliano kati yao yamebadilika, ile inayotaka inasikika sana na ile inayozuia haifikishi neno. Severini alisikiliza kama alivyokuwa anasikiliza msimamizi wake wa zamani.

"Kwa hiyo stesheni ni nzima," akasema. "Njia ndiyo imepinda."

"Unaweza kusema hivyo."

"Njia iliyopinda hatukuitukana sisi. Tulipeleka genge."

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikuahidi kwamba zote zinanyooka, kaka. Nyingine hurudi, nyingine hatujui bado. Ndiyo tunapima."

"Ukisema hujui, nakuamini zaidi," akasema Severini.

Alipotoka wodini sikumrudisha Igalula. Nilimleta hapa, nikampa chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani. Shangazi yako aliuliza kwa nini si kile cha uani. Nilimwambia cha uani kina giza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu wifi yangu, na nilijibu nusu tu. Jibu zima ni kwamba nilitaka kila anayepita Mtendeni amwone.

Usidhani kuanzia hapo nilikuwa mwema. Alirudia pombe mara tatu. Mara ya kwanza alirudi amelewa mchana, mbele ya wapangaji wote nikamwambia bora ningechelewa kufungua stoo. Alikaa chini palepale barazani akasema, "Hata mimi nafikiri hivyo siku nyingine." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba pombe ilikuwa imefunika kitu kingine, na kwamba tulikuwa tunagombana na kifuniko. Siku iliyofuata nilimpeleka kliniki ya afya ya akili. Tulikaa kwenye foleni pamoja, na nilipomwona mwalimu wako wa zamani anapita, nilimwita kwa sauti nikamwamkia. Akauliza, "Mama Mihayo, unafanya nini huku?" Nikasema, "Nimemleta kaka yangu kutibiwa." Nilisema mbele ya foleni nzima, Mihayo. Na jua halikuanguka. Sasa ni mwaka wa tano hajagusa gongo. Dawa zake anameza na chai ya asubuhi, mezani, si chumbani.

Na wewe nilikukosea. Ulipokuja likizo kidato cha tano nilikuwa nanusa mashati yako kabla ya kuyafua. Nilikuwa nakuvizia unapopiga miayo. Siku moja ulinikuta na shati usoni ukasema, "Mama, mimi si mjomba." Nikakaa kimya, na wewe ukaondoka ukidhani nimekubaliana nawe kwamba kuwa mjomba ni aibu. Nilitakiwa kukujibu, hata ungekuwa yeye, ungekuwa mwanangu vilevile, na chumba cha mbele kingekuwa chako. Nakujibu leo. Na usiogope kichwa chako. Kama kuna kitu cha ukoo, ujue tu kipo, uishi ukikijua, na kikikugusa uniambie siku hiyohiyo. Wanasema ni ugonjwa wa ukoo. Basi ni wetu, na tutauguza wenyewe bila kuomba radhi kwa mtu.

Sasa unakwenda kwenye mashine kubwa kuliko ile kofia yetu. Utakuwa unaangalia ubongo wa watu usiowajua, mistari na rangi, na utakuwa hodari, hilo sina shaka nalo. Mimi sijui sayansi hiyo. Ninajua kitu kimoja tu kuhusu takwimu zenu, kwa sababu nilikitia mimi. Kuna mahali patakuwa pameandikwa *hapatikani*, *amehama*, *alikataa*. Usipaone patupu. Nyuma ya baadhi ya maneno hayo kuna mtu ameketi mgongo ukutani anapunga mkono, na kuna mwingine mwenye viatu visafi aliyegeuza uso. Mtafute yule wa pili pia. Naye anahitaji kuulizwa, na huenda hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na wakikuuliza kwa nini umekuja, usiseme unapenda sayansi. Unaipenda, lakini si kwa sababu hiyo umekesha miaka hii yote. Sema, mjomba wangu anaitwa Severini, alikuwa mtu wa genge la reli Igalula, aliumwa ulevi na sonona, mama yangu alimficha, nami sitaki kufanya kazi hii kwa kuficha. Nimemuuliza yeye mwenyewe leo asubuhi kama unaweza kusema hivyo. Akafikiri kidogo akasema, "Aseme na kwamba nilikuwa najua kazi." Atakayekucheka mwache acheke, kisha umwombe akae akusikilize. Atakayekuambia mtafiti hapaswi kuwa na mgonjwa nyumbani, mwulize yeye anaishi na nani.

Kwa shangazi yako usirudi na maneno makali. Yeye alikulisha nilipokuwa nimeishiwa, na anaogopa kwa ajili yako. Lakini ile "sawa" uliyompa jana ukaichukue kabla hujaondoka. Pita kwake ukishaisoma barua hii, au mpigie simu. Na chumba cha mbele kipo palepale, mlango wake haufungwi. Gonga uingie, uketi. Usimwombe mjomba wako msamaha kwa hotuba, hapendi. Mwombe akuonyeshe anavyoangalia reli.

Wifi yangu amenipigia simu mchana huu. Amesema kama Severini atakuja stesheni kesho kukusindikiza, pale watu wote watakapokuwapo, yeye hatakuja. Zamani ningetafuta namna ya kuwapatanisha, ningemwambia Severini nimemsikia akikohoa, abaki apumzike. Nimemwambia, "Basi, wifi, tutaonana Jumapili kanisani."

Hivi ninavyoandika namsikia mjomba wako hapo barazani. Amewasha pasi ya mkaa, ananyunyiza maji kwenye shati lake jeupe la kuvaa kesho, na ameshanyoosha kola mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuridhika nayo. Amekuja kugonga mlango wangu sasa hivi kuuliza kama kesho avae miwani nyeusi, watu wasije wakatazama jicho.

Nimemwambia asivae.

Nakupenda kuliko ninavyojua kusema.
Mama yako,
Agnesi